Kutua Mwezini: Maswali Yanayorudi Kila Chombo Kinapoanguka

Chombo kikianguka Mwezini, maswali huja yaleyale: kwenye makundi ya WhatsApp, kibarazani, darasani. Nimeyakusanya hapa. Ya msingi yametangulia, ya wabishi yako katikati, na yale yanayoulizwa na waliokwisha kusoma kidogo yako mwishoni. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, nimekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

Mwezi uko mbali kiasi gani? Umbali ndio tatizo?

Kwa wastani ni kilomita 384,400. Umbali wenyewe si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Chombo kikishasukumwa kutoka Dunia, injini huzimwa na safari huendelea yenyewe. Apollo 11, iliyowapeleka watu wa kwanza kutua Mwezini, iliondoka tarehe 16 Julai 1969 na tarehe 19 ilikuwa tayari inauzunguka Mwezi.

Kinachoumiza ni kuchelewa kwa mawasiliano. Mawimbi ya redio huchukua sekunde 1.3 kufika, na mengine 1.3 kurudi. Tuseme chombo kinashuka kwa mita 100 kwa sekunde na kamera yake imeona jiwe kubwa. Picha ikufikie, ubonyeze kitufe papo hapo bila hata kufikiri, amri yako ifike: chombo kimeshapita mita 260. Kwa hiyo hakuna mtu anayekaa Duniani na usukani mkononi. Katika dakika za mwisho chombo cha roboti hujiamulia chenyewe, na wahandisi wake hukaa wakitazama namba kwenye skrini kama jamaa waliosubirishwa nje ya chumba cha upasuaji.

Kwa nini wasitumie parachuti?

Kwa sababu hakuna hewa ya kulijaza. Ukilielewa jibu hili, nusu ya ukurasa huu umeshaimaliza.

Chombo kinachorejea Dunia kutoka Mwezini huingia kwenye angahewa kwa karibu kilomita 40,000 kwa saa, na sehemu kubwa ya mwendo huo humezwa na hewa bila kulipia tone la mafuta. Mwezini hakuna breki hiyo ya bure. Chombo kinachouzunguka Mwezi karibu na uso wake huenda kilomita 1.7 hivi kwa sekunde, yaani takribani 6,000 kwa saa, na mwendo huo wote lazima uuondoe kwa injini iliyoelekezwa mbele, ukichoma mafuta uliyobeba kutoka nyumbani. Chandrayaan-3 ya India ilianza kufunga breki ikiwa kilomita 30 juu, na ilichukua dakika kama 19 kufika chini. Injini ikizima katikati ya dakika hizo, hakuna kuegesha pembeni na kumpigia fundi simu.

Si mvuto wa Mwezi ni mdogo? Mbona isiwe rahisi?

Ni mdogo kweli, moja ya sita ya wa Dunia, na unasaidia sana wakati wa kuondoka. Lakini mdogo si sawa na hakuna: ukiachia kitu kutoka kilomita chache juu, kitagonga ardhi kwa mwendo wa gari la mashindano, maana hakuna hewa ya kukipunguza.

Tena mvuto huo hauko sawa kila mahali. Chini ya mabonde makubwa ya Mwezi kuna miamba mizito inayovuta zaidi ya jirani zake. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1968. Setilaiti ndogo iliyoachwa na Apollo 16 mwaka 1972 iliyumbishwa na mvuto huo hadi ikagonga Mwezi baada ya siku 35 tu.

Kwa nini chombo kisielee kama helikopta, kichague mahali pazuri, ndipo kitue?

Huelea, ila kwa sekunde chache. Kila sekunde ya kuelea ni mafuta, na mafuta ya Mwezini ndiyo ghali kuliko yote, kwa kuwa kuyafikisha huko kunadai mafuta mengine, na hayo nayo yanadai mengine ya kuyainua. Ni kama punda anayebeba majani yake mwenyewe ya safari nzima, kwenda na kurudi. Roketi ya Saturn V, iliyobeba Apollo, ilikuwa na uzito wa karibu tani 3,000 ilipoondoka Florida. Kilichorudi baharini kilikuwa kichumba cha tani kama 5.

## Vinaangukaje?

Ni kosa gani hasa huviangusha?

Mara nyingi ni kosa dogo, ndiyo maana linauma. Luna-25 ya Urusi, Agosti 2023: injini ilipaswa kuwaka sekunde 84, ikawaka 127, chombo kikashuka chini ya njia yake na kugonga. Beresheet ya Israel, Aprili 2019: kifaa cha kupima mwendo kilileta hitilafu, mfululizo wa amri ukaanza upya, injini kuu ikazima wakati ambapo ilihitajika kuliko wakati wowote. Peregrine ya Marekani, Januari 2024: mafuta yalivuja saa chache baada ya kuruka, hata Mwezini haikufika.

Kisa ninachokipenda, kama mtu anaweza kupenda ajali, ni cha Hakuto-R ya kampuni ya ispace ya Japani, Aprili 2023. Chombo kilikuwa kinashuka kuelekea kreta ya Atlas, yaani shimo pana lenye ukingo, kila kitu sawa. Kilipovuka ukingo wa kreta, ardhi chini yake ilizama ghafla kwa takribani kilomita 3. Kipima kimo kikasema kweli: tumekuwa juu zaidi kuliko sekunde iliyopita. Lakini programu ilikuwa imefundishwa kwamba namba zikiruka kiasi hicho basi kipimo kimeharibika. Ikaacha kukisikiliza, ikaendelea kwa hesabu zake za kichwani. Ikashuka wima, polepole, kwa adabu zote, hadi ikaamini imefika sifuri. Ilikuwa bado kilomita 5 juu. Ikaning'inia pale ikisubiri miguu iguse ardhi, mpaka mafuta yakaisha.

Mahali pa kutua palikuwa pamebadilishwa baada ya usanifu kukamilika, na majaribio ya kwenye kompyuta hayakuupima vya kutosha ukingo ule. Ndugu yake, Resilience, alifuata Juni 2025. Safari hiyo kipimo cha leza kilichelewa kutoa kimo, na chombo kikagonga.

Kwa nini vingine vinatua halafu vinapinduka?

Odysseus ya kampuni ya Intuitive Machines ya Marekani ilitua Februari 2024 ikiwa haina vipimo vyake vya leza: swichi ya usalama haikufunguliwa kabla ya roketi kuruka. Swichi! Ikashuka kwa kutegemea kamera na vipimo vya ndani, mguu ukavunjika, ikalala ubavu. Athena ya kampuni hiyohiyo, Machi 2025, iliishia ubavuni ndani ya kreta ndogo karibu na ncha ya kusini. Betri zikafa bila paneli kupata jua la kutosha. SLIM ya Japani, Januari 2024, ilipoteza bomba moja la injini ikiwa angani na kusimama kwa pua, ingawa ilitua mita 55 tu kutoka mahali palipokusudiwa, jambo ambalo hakuna chombo cha Japani kilichowahi kulikaribia.

Hapa mvuto mdogo unageuka adui. Chombo kikigusa ardhi huku kikiendelea kuteleza pembeni, uzito wake haukikandamizi chini kama ungefanya Dunia, kwa hiyo kikikwaa jiwe huendelea kulala taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta. Kirefu kina taabu zaidi. Blue Ghost ya kampuni ya Firefly ya Marekani, iliyotua Machi 2, 2025 na kufanya kazi siku 14, ilikuwa fupi na pana, kama meza ya mama lishe. Iliteremka kwenye tambarare ya Mare Crisium na ikasimama wima. Watu wa Odysseus na Athena watakujibu kwamba ncha ya kusini si tambarare, na wana haki yao. Tazama swali la ncha ya kusini.

Mbona China haianguki?

Chang'e-3 (2013), Chang'e-4 (2019, upande wa Mwezi tusiouona), Chang'e-5 (2020) na Chang'e-6 (2024): nne kwa nne. Vyombo vyao husimama angani karibu mita 100 juu ya ardhi, hupiga picha, hutafuta sehemu laini, hujisogeza, ndipo hushuka. Mafuta ya kusimama pale yameshatengwa tangu mwanzo.

Lakini siri kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kila safari ilitumia mashine inayofanana na iliyotangulia, na serikali haikuwahi kuvunja timu. Aliyefanya kosa dogo mara ya kwanza bado yuko kazini mara ya nne.

India ilibadilisha nini kati ya 2019 na 2023?

Chandrayaan-2 ilianguka Septemba 2019. Injini zilisukuma kidogo zaidi ya ilivyotarajiwa, makosa yakajumlishana, programu ikajaribu kuyarekebisha kwa kasi kuliko ilivyoruhusiwa, na eneo lililoruhusiwa kutua lilikuwa la mita 500 kwa 500 tu.

Kwa Chandrayaan-3 wahandisi wa ISRO, shirika la anga la India, waliacha kuuliza "tufanyeje tufaulu?" wakauliza "nini kitaharibika, na kikiharibika tutafanyaje?" Miguu ikaimarishwa ivumilie kutua kwa mita 3 kwa sekunde badala ya 2, mafuta yakaongezwa, injini ya katikati ikaondolewa, na eneo la kutua likapanuliwa hadi kilomita 4 kwa 2.4. Agosti 23, 2023 kikasimama.

## Maswali ya wabishi

Walienda 1969 kwa kompyuta dhaifu kuliko simu yangu. Leo wanashindwa nini?

Hili ndilo linaloongoza. Kweli, kompyuta ya Apollo ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 4 hivi; picha moja ya salamu za asubuhi unayotumiwa kwenye simu isingeenea. Ila Apollo 11 haikutegemea kompyuta peke yake. Ilipokuwa inashuka, kompyuta ililemewa na kupiga kengele ya 1202, kisha 1201. Ikawa inawapeleka kwenye kreta iliyojaa mawe makubwa kama magari. Neil Armstrong akachukua usukani, akakipitisha chombo juu ya mawe yale huku Buzz Aldrin akimsomea namba, na wakagusa ardhi wakiwa na mafuta ya kushuka ya chini ya dakika moja.

Roboti ya leo haina Armstrong, lazima ibebe macho yake na uamuzi wake ndani ya programu.

Halafu tunasahau waliotangulia kuanguka. Ranger sita za kwanza za Marekani zilishindwa zote. Ya saba ndiyo ilileta picha, Julai 1964. Wasovieti walipoteza vyombo vingi kabla ya Luna 9 kutua salama Februari 1966. Kati ya roboti saba za Surveyor za Marekani, zilizotua ni tano. Baada ya hapo ndipo Apollo 8 ikauzunguka Mwezi, Apollo 9 ikajaribu chombo cha kutulia karibu na Dunia, na Apollo 10 ikashuka hadi kilomita kama 15 juu ya Mwezi na kurudi bila kutua. Kampuni ya leo ina chombo kimoja na nafasi moja. Wakati mwingine na wawekezaji walioishiwa subira.

Basi kwa nini watu hawajatua tena tangu 1972?

Pesa, na sababu ya kuzitoa. Katikati ya miaka ya 1960 NASA ilikuwa inapata zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali ya Marekani, na watu kama 400,000 walikuwa kwenye kazi ile. Lengo lilikuwa kuwashinda Wasovieti. Waliposhindwa, Apollo 18, 19 na 20 zikafutwa. Leo NASA hupata chini ya nusu asilimia.

Wengine husema maarifa yamepotea. Michoro ipo. Waliokufa au kustaafu ni mafundi waliojua kile ambacho mchoro hausemi, na viwanda vilivyotengeneza vipuri vile vilishafungwa. Mwulize fundi yeyote wa jahazi kama angeweza kukufundisha kazi yake kwa karatasi.

Una uhakika walienda?

Ndiyo. Kilo 382 za mawe na udongo zimechunguzwa na maabara za nchi nyingi. Vioo vilivyoachwa kule bado hurudisha miale ya leza inayopigwa kutoka Duniani. Chombo cha LRO, kinachouzunguka Mwezi tangu 2009, kimepiga picha ya vyombo vilivyobaki na njia za nyayo. Na Wasovieti, waliokuwa wanasikiliza redio na wenye kila sababu ya kuumbua, hawakukana. Darubini ya nyumbani haitakuonyesha bendera. Hata kubwa kabisa za Duniani hazioni kitu kidogo hivyo kwa umbali ule.

Kuhusu bendera "kupepea": ilikuwa na fimbo ya mlalo juu, na mikunjo ilibaki kwa sababu fimbo haikuvutwa ikanyooka yote.

## Ukishaweka watu ndani

Kwa nini kuwepo kwa mtu ndani kuifanye kazi iwe ngumu mara nyingi zaidi?

Roboti huenda na kubaki. Mtu anataka kurudi. Lazima abebe hewa, maji, mafuta ya kupaa, na chombo cha kumvumilisha moto wa kuingia angahewani. Kwa mpango wa Artemis, wa kuwarudisha watu Mwezini, NASA imezipa SpaceX na Blue Origin kazi ya kujenga vyombo vya kuteremsha watu. Cha SpaceX kina urefu wa karibu mita 50, na ili kiende Mwezini lazima kijazwe mafuta kikiwa angani, na roketi nyingine zinazopanda moja baada ya nyingine kama malori ya maji. Umekwishasoma kuhusu punda na majani yake. Huyu ni punda anayesubiri apelekewe majani njiani.

Hatari nyingine haionekani. Agosti 1972, kati ya Apollo 16 ya Aprili na Apollo 17 ya Desemba, Jua lilirusha dhoruba kali ya mionzi. Kama kungekuwa na mtu juu ya Mwezi wiki ile, angeweza kuugua vibaya. Ilikuwa bahati tu ya kalenda.

Kwa nini wote wanakimbilia ncha ya kusini ikiwa ni mbaya hivyo?

Kwa ajili ya barafu. Mwaka 2009 NASA iligongesha roketi tupu ndani ya kreta ya Cabeus, na chombo kidogo cha LCROSS, kilichoifuata nyuma, kikaona maji katika vumbi lililoruka. Kreta hizo hazijaona jua kwa muda mrefu mno, na baridi yake inapita nyuzi 200 chini ya sifuri. Maji ni ya kunywa, na ukiyatenganisha ni hewa na mafuta.

Ubaya wake: jua la huko hutambaa juu ya upeo wa macho tu. Kijiwe hutupa kivuli kirefu, kreta hujificha gizani, na kamera ya kutulia huona madoa meusi isiyojua kama ni shimo au kivuli. Apollo zote sita zilitua maeneo yasiyo mbali sana na ikweta ya Mwezi.

Ni vizuri kutua mwezi ukiwa mpevu, kuna mwanga?

La. Swali zuri, maana jibu linakwenda kinyume na macho. Apollo zilichagua asubuhi ya mahali pa kutua, jua likiwa chini, ili mabonde yatoe vivuli vya wastani na rubani ayaone. Jua la utosini hufuta vivuli, ardhi ikaonekana bapa kama shuka. Armstrong alipotua Julai 20, 1969, aliyetazama magharibi jioni ile aliona mwezi mchanga, wa siku tano au sita tangu kuandama.

Vumbi lina shida gani? Vumbi si vumbi?

Vumbi letu limesagwa na maji na upepo. La Mwezini halijawahi kuguswa na vyote viwili, kwa hiyo kila chembe ina makali kama kioo kilichovunjika, na hunata kila mahali. Wana Apollo walisema lilinuka kama baruti iliyokwisha lipuka. Harrison Schmitt wa Apollo 17 lilimletea mafua ya mzio ndani ya chombo.

Wakati wa kutua ni baya zaidi. Moshi wa injini hulirusha bila hewa ya kulizuia, hivyo huruka mbali kwa kasi na kumpofusha rubani. Apollo 12 ilitua mita kama 160 kutoka Surveyor 3 iliyokuwa imekaa pale tangu 1967. Vipande vyake viliporudishwa Dunia, vilikutwa vimekwaruzwa na vumbi lililorushwa na injini ya wageni wale. Ukitaka kujenga kituo Mwezini, jirani anayeteremka anakupiga mchanga.

Usiku wa huko una nini?

Unadumu siku 14 zetu, na baridi inapita nyuzi 130 chini ya sifuri. Betri hufa. Ndiyo maana kazi nyingi hupangwa ziishe kabla ya machweo.

Mawasiliano yanakatikaje, wakati Mwezi tunauona?

Dunia inazunguka, kwa hiyo kituo kimoja huuona Mwezi kwa saa kadhaa tu. Apollo ilitumia vituo vikuu vya California, Hispania na Australia, vikipokezana. Visiwani kwetu tuna kumbukumbu ya mtandao uliotangulia huo: mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, vilivyowapeleka Wamarekani wa kwanza kuizunguka Dunia. Kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Upande wa nyuma wa Mwezi hakuna kituo cha Duniani kinachouona kamwe. China ilibidi itangulize setilaiti ya kupokezana, Queqiao, mwaka 2018.

Wakikwama juu, nani atawafuata?

Wakati wa Apollo, hakuna. Katika Apollo 11, Michael Collins, mwenzao Armstrong na Aldrin, alikuwa anazunguka juu, lakini chombo chake hakikuweza kutua. Ikulu ya Marekani ilikuwa imeshamwandalia Rais Nixon hotuba ya kusoma ikiwa Armstrong na Aldrin wasingerudi. Injini ya kupaa ilikuwa moja, bila akiba. Waliifanya iwe sahili kadiri walivyoweza, kwa mafuta ya aina mbili yanayowaka yakikutana tu.

Na bado kidogo iwashinde. Walipomaliza matembezi na kurudi ndani, Aldrin aliona kipande sakafuni: kichwa cha swichi ya saketi ya kuitayarisha injini ile. Pengine mkoba wa mgongoni mwa mmoja wao ulikigonga katika chumba kile finyu. Houston walikesha wakitafuta njia. Asubuhi Aldrin alichukua kalamu ya wino yenye ncha isiyo ya chuma, akaichomeka kwenye tundu, akasukuma. Swichi ikashika. Kalamu hakuitupa.